Chukua Tu, Utaleta

Kuna maneno matatu ambayo duka kubwa haliwezi kukwambia hata likitaka: "Chukua tu, utaleta."

Anayeyasema amesimama nyuma ya kaunta ndogo. Umefika pale ukagundua pochi umeisahau nyumbani, au hela uliyonayo imepungua kidogo kuliko ulichochukua. Unaanza kurudisha kitu kimoja, na yeye anakuzuia kwa mkono. Hakuulizi kitambulisho. Hakujazishi fomu wala hakudai mdhamini. Pengine hata daftarini haandiki, anakutazama tu na kukupa mfuko wako. Unatoka nje umebeba mali ya mtu mwingine, na mtu huyo amebaki na imani yake tu kwamba kesho utapita tena njia ile.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, kwa sababu naona tunalizungumzia kirahisi mno. Tunasema wenye maduka madogo wana roho nzuri, basi, tunaishia hapo. Wenye roho nzuri wapo kila mahali, hata kwenye maduka makubwa yenye milango ya vioo. Keshia wa huko anaweza kuwa na huruma kuliko mtu yeyote unayemfahamu, lakini hana ruhusa ya kukupa hata kiberiti kwa ahadi. Mashine iliyo mbele yake haina kitufe cha "huyu namjua". Mimi naamini wema wa duka dogo unatokana na kujua. Mwenye duka anakujua, ameifanya kazi ya kukujua kwa miaka, na kazi hiyo hakuna anayemlipa.

Fikiria anachokijua. Anajua sabuni inayotumika nyumbani kwako, na ukiomba pakiti ndogo badala ya ile kubwa uliyoizoea anaelewa kwamba mwezi umekubana, kabla hujamwambia yeyote. Ukinunua mara mbili ya kawaida anajua una wageni. Ukija siku kadhaa mfululizo kuulizia dawa ya maumivu, siku moja atakuuliza mgonjwa anaendeleaje, bila kukuuliza ni nani. Mtoto wako anamjua tangu alipokuwa akibebwa, na siku mtoto huyo alipotumwa peke yake kwa mara ya kwanza, ni yeye aliyemhesabia chenji polepole, akaifunga ndani ya kikaratasi ili isidondoke njiani. Anajua nani hupita asubuhi na nani hupita jioni, nani anapenda maongezi na nani anataka kuhudumiwa upesi aondoke. Hakuna hata moja kati ya haya alilolichunguza. Yamemfikia kidogo kidogo, kupitia vitu vidogo ambavyo kimoja kimoja havisemi chochote.

Na akishajua, ananyamaza. Hapo ndipo naona ustadi wenyewe. Mwenye duka aliyekomaa halitaji deni lako mbele ya mteja mwingine. Ukifika na mgeni wako, deni la wiki iliyopita linakuwa halipo mpaka mgeni aende zake. Ukipita upande wa pili wa barabara kwa sababu hujapata hela na unaona aibu, anakusalimia kwa sauti ile ile ya siku zote, ili ujue bado una pa kurudi. Watu wengi wenye vyeo hawana adabu ya namna hiyo. Mwenye duka akiikosa, duka linakufa, maana hakuna anayependa kununua mahali ambapo siri zake zinatolewa pamoja na chenji.

Jane Jacobs, mwandishi aliyeishi Greenwich Village jijini New York, aliliona jambo hili kuliko wengi. Katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu uhai wa miji ya Marekani, alieleza kwamba rafiki akitaka kutumia nyumba yao wakati wao hawapo, walimwambia akachukue ufunguo kwenye duka la ng'ambo ya barabara. Mwenye duka alikuwa na droo maalumu ya funguo za namna hiyo, na kwa kawaida alikuwa nazo kama dazeni moja za watu mbalimbali. Jacobs akajiuliza kwa nini wamchague yeye. Jibu lake lilikuwa na pande mbili: anaaminika kutunza ufunguo, na pia hajishughulishi na nani anaingia nyumbani kwako na kwa sababu gani. Huo upande wa pili ndio tunaousahau. Jirani wa mlango wa pili ukimwachia ufunguo atakuwa na maswali, au wewe mwenyewe utahisi una wajibu wa kumweleza. Mwenye duka yuko karibu kiasi cha kukusaidia, na yuko mbali kiasi cha kukuacha uishi maisha yako. Kwa mtu wa mjini umbali huo una thamani kubwa, na sijui mahali pengine unapopatikana kirahisi hivyo.

Wapo wanaoona maongezi ya dukani ni kupoteza muda. Watafiti Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha mwaka 2014 jaribio walilolifanya kwenye mkahawa. Wateja fulani waliombwa watabasamu, wamtazame mhudumu usoni na kuzungumza naye kidogo. Wengine waliombwa waagize upesi bila maneno ya ziada. Waliozungumza walitoka na furaha zaidi, na walijihisi zaidi kuwa sehemu ya watu. Hayo ni maongezi mafupi tu na mhudumu aliye kazini. Sasa vipi mtu unayeonana naye kila siku kwa miaka, anayekuulizia mama yako kwa jina? Kwa mzee anayeishi peke yake, sauti ya mwenye duka inaweza kuwa ndiyo sauti pekee anayoisikia ana kwa ana siku nzima. Nimewaona wazee wanaonunua kitu kimoja asubuhi na kingine jioni, ingawa wangeweza kuvinunua vyote kwa mkupuo mmoja. Nimewaona pia wenye maduka wanaoelewa sababu yake, na hawawaharakishi.

Jambo hili linaweza kufika mpaka kwenye uhai na kifo. Mwezi Julai 1995 jiji la Chicago lilipigwa na joto kali, na katika siku chache walikufa watu 739 zaidi ya idadi ya kawaida, wengi wao wazee waliokuwa peke yao ndani ya vyumba vilivyofungwa. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alilinganisha mitaa miwili inayopakana, North Lawndale na South Lawndale. Yote miwili ilikuwa na watu wengi maskini na wazee wengi walioishi peke yao, lakini kiwango cha vifo cha North Lawndale kilikuwa karibu mara kumi ya kile cha jirani yake. Kwa maelezo yake, tofauti kubwa ilikuwa barabarani. South Lawndale kulikuwa na maduka yaliyo wazi na watu wanaopita, kwa hiyo mzee alikuwa na sababu ya kutoka nje na mahali pa kuingia akapumzika. North Lawndale biashara zilikuwa zimefungwa miaka mingi, viwanja vimebaki vitupu, na wazee waliogopa kutoka. Zilikuwepo sababu nyingine pia, na sidai kwamba duka ni dawa ya joto. Ninachojua ni kile anachokifanya mwenye duka mteja wake wa kila siku asipoonekana. Kwanza anashangaa. Kesho yake anauliza wanaopita. Mwishowe anamtuma kijana akagonge mlango. Hakuna kamera inayoweza kugundua kwamba mtu fulani leo hakuja.

Kama maduka haya yanatufaa kiasi hicho, tuliyaachaje? Tuliyaacha hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa na sababu nzuri. Mwaka 1879 James Ritty, mwenye baa mjini Dayton, Ohio, alisajili mashine ya kurekodi mauzo kwa sababu fedha zake zilikuwa zikipotelea mikononi mwa wafanyakazi. Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly mjini Memphis, Marekani, na hapo mteja akaanza kujichukulia mwenyewe kutoka kwenye rafu zenye bei, akalipia akitoka. Kabla ya hapo desturi ilikuwa kusimama mbele ya kaunta, kutaja unachotaka na kungoja uletewe. Mwaka 1937 Sylvan Goldman wa Oklahoma City akaleta kitoroli cha kusukuma, na tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, Ohio, pakiti ya chingamu ikawa bidhaa ya kwanza kuuzwa dukani kwa kusomwa msimbo wa mistari. Kila kimoja kati ya hivi kilimpunguzia mteja haja ya kufungua kinywa. Siku hizi mtu anaweza kununua mahitaji ya mwezi mzima kwa simu na asione uso wa binadamu mpaka mfuko unapofika mlangoni.

Sina haki ya kuwalaumu waliofurahia mabadiliko hayo. Bei iliyoandikwa ni moja kwa wote. Mtu aliyezoea kudharauliwa kwenye kaunta kwa ajili ya rangi yake, nguo zake au lafudhi yake alipata ahueni ya kweli siku alipoweza kuchagua bidhaa bila kuomba ruhusa ya mtu. Na vitu vilishuka bei, jambo ambalo mwenye familia kubwa halichukulii kimzaha.

Imani nayo ilihamishwa. Mwaka 1841 Lewis Tappan, mfanyabiashara wa New York, alianzisha shirika la kukusanya habari za wafanyabiashara wa mbali na kuziuza kwa waliotaka kuwakopesha. Wawakilishi wake katika miji mbalimbali, wengi wao mawakili, waliandika nani hulipa kwa wakati, nani ni mlevi, nani ana mali ya kutegemewa. Shirika hilo ndilo lililokuja kuwa Dun & Bradstreet. Kufikia mwaka 1989, nchini Marekani, sifa ya mtu wa kawaida ilikuwa imefupishwa ikawa alama ya FICO, namba moja kati ya 300 na 850. Namba ina faida zake: inasafiri. Ukihamia mji ambao hakuna anayekujua, inakutangulia. Lakini haijui kwamba mwezi ule ulichelewa kulipa kwa sababu ulikuwa na msiba. Mwenye duka anajua, kwa sababu huenda alikuja kuhani.

Adam Smith aliandika mwaka 1776 kwamba tunapata chakula chetu kwa sababu mchinjaji na mwoka mikate wanaangalia maslahi yao, tusitegemee hisani yao. Sina ugomvi naye. Mwenye duka amefungua duka ili ale, na hata mkopo mdogo una maslahi ndani yake, maana aliyekopeshwa hurudi. Lakini maslahi yana mwisho wake. Hayaelezi kwa nini mtu anamwongezea kidogo mama aliyefiwa na mume, huku akijua vizuri kwamba deni lile halitalipwa. Hayaelezi kwa nini anafungua mlango usiku kwa mtu anayetafuta mshumaa mmoja.

Wema huu una gharama, na gharama yake inamwangukia mtu ambaye mara nyingi naye hana kitu. Hili sitaki tulipite haraka. Tufanye hesabu. Mtu ananunua bidhaa kwa tisa na kuiuza kwa kumi. Bidhaa moja ikichukuliwa kwa mkopo na isilipwe, lazima auze tisa nyingine ndipo arudi pale alipokuwa, na zote tisa hazitakuwa zimemletea faida yoyote. Wakati huohuo muuzaji wa jumla hasubiri. Anataka fedha taslimu, na akikopesha anaweka tarehe. Madeni yakilundikana, rafu zinapwaya. Rafu zikipwaya, mteja mwenye fedha mkononi anafika, hapati anachotaka, anaelekea kwingine. Kwa hiyo waliokopa wanabaki na waliokuwa wakilipa wanaondoka. Maduka mengi madogo hufa kifo hiki, na anayepita nje anadhani biashara ilikuwa mbaya, kumbe mtaji wote umetawanyika ndani ya nyumba za majirani.

Abraham Lincoln, kabla hajawa rais wa Marekani, aliwahi kuwa mwenye duka katika kijiji cha New Salem, Illinois, mwanzoni mwa miaka ya 1830, akishirikiana na William Berry. Wenyewe walilinunua duka kwa mkopo, biashara ikaanguka, na Berry alipofariki mwaka 1835 mzigo wa madeni ukabaki kwa Lincoln. Alilipa kwa miaka mingi. Ninapoona mwenye duka anachelewa kukujibu unapoomba kukopa, huwa nafikiri kwamba nyuma ya ukimya ule kuna hesabu ya namna hii. Hakufikirii wewe tu. Anawafikiria wote waliomo daftarini, na wale wanaomdai yeye mwenyewe.

Mwenye hekima ana njia zake. Anakupa nusu: "Leo beba hiki, kile kingine tuone kesho." Anakuwekea kiwango bila kukitangaza, na ukikikaribia anaanza kuzungumzia ugumu wa bidhaa kupatikana. Anaandika mbele yako, anageuza daftari uone, anakuomba usome mwenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na daftari linamlinda mdaiwa pia, kwa sababu lililoandikwa haliongezeki usiku. Watu waliwahi kufanya hivi kabla ya karatasi kuwa rahisi. Uingereza walichonga alama za deni kwenye kijiti, wakakipasua katikati kwa urefu, kila upande ukabaki na kipande chake. Siku ya kulipa vipande vilikutanishwa, na aliyeongeza alama alijulikana hapohapo. Serikali yenyewe ilitumia vijiti hivyo kwa karne nyingi, na ilipoamua kuvichoma moto mwaka 1834 ikaliunguza jengo la Bunge. Mfumo unaotegemea pande zote mbili kushika ushahidi ni mfumo wa heshima. Ndiyo maana daftari linalogeuzwa ulione linanigusa kuliko risiti ndefu iliyochapwa na mashine.

Kuna sababu nyingine inayofanya imani ya dukani ishike, nayo ni udogo wa kila hatua. Hakuna anayeanza kwa kukopeshwa mzigo mkubwa. Mara ya kwanza umepungukiwa kidogo, ukaleta kesho yake. Mara ya pili zaidi kidogo. Yeye naye siku moja alikupa chenji iliyozidi, ukamrudishia, na hilo alilihifadhi. Karibu na mwaka 1980 Robert Axelrod wa Chuo Kikuu cha Michigan aliandaa mashindano ya programu za kompyuta zilizokutana mara nyingi na kila mara zikachagua kushirikiana au kusalitiana. Iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, iliyotumwa na Anatol Rapoport: anza kwa kushirikiana, kisha fanya kile ambacho mwenzako alikifanya mara iliyopita. Siri yake ilikuwa kwamba washiriki walijua watakutana tena. Mwenye duka hakusoma Axelrod, lakini anaifuata kanuni hiyo, pamoja na msamaha uliomo ndani yake: mwenzako akirudi kushirikiana, nawe unarudi. Anasamehe. Aliyepotea na deni akarudi baada ya mwaka na nusu ya fedha mkononi, kwa kawaida anapokewa.

Na uaminifu wa wateja ni mkubwa kuliko tunavyodhani. Mwaka 2019 Alain Cohn na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika miji 355 ya nchi 40. Pochi zaidi ya 17,000 zilipelekwa kwa watu walioko kaunta za hoteli, benki, posta na ofisi nyingine, kana kwamba zimeokotwa, ili kuona nani atamtafuta mwenyewe. Wengi wetu tungetabiri kwamba pochi yenye fedha itapotea. Ilikuwa kinyume: zenye fedha zilirudishwa zaidi kuliko zisizo na fedha. Watafiti walieleza kwamba watu hawataki kujiona wezi. Nilipousoma utafiti huo niliwakumbuka wenye maduka wote ninaowajua wanaotunza chini ya kaunta miavuli, miwani na simu za wateja waliosahau, kila kimoja na karatasi yenye jina, au maelezo tu ya mtu: mrefu, ana mtoto mdogo, hupita saa kumi na mbili.

Lazima niseme na upande mwingine, kwa sababu kujuana kunaweza kuumiza. Mgeni aliyehamia juzi haandikwi daftarini, hata awe mwaminifu kiasi gani. Mtu ambaye familia yake ina sifa mbaya analipia makosa ya kaka yake. Wapo wenye maduka wanaotumia deni kumnyanyasa mdaiwa, wanampandishia bei kwa sababu wanajua hana pa kwenda, au wanamtaja mbele za watu. Mwanamke anayedaiwa anaweza kusumbuliwa kwa namna ambayo mwanamume hasumbuliwi. Yote haya yanatokea, na anayeyapata ana kila sababu ya kupenda duka kubwa lisilomjua. Imani inayotokana na kujuana ina mpaka, na kuna watu walio nje ya mpaka huo. Wenye maduka ninaowaheshimu zaidi ni wale wanaousogeza mpaka wenyewe: wanamwuliza mgeni jina siku ya kwanza, wanalikumbuka siku ya pili, na siku ya tatu akipungukiwa kidogo wanamjaribu.

Lakini ninalotaka kulisema kwa nguvu zaidi linatuhusu sisi wateja. Kuna tabia ambayo nimeiona mara nyingi mno. Mtu akiwa na fedha anapita mbele ya duka dogo, anaenda kununua vya mwezi mzima kwenye duka kubwa, taslimu, akifurahia punguzo. Katikati ya mwezi fedha zinapoisha, anarudi kwa jirani na maneno matamu: niamini, tumejuana siku nyingi, nitaleta. Kwa hesabu ile ya kununua kwa tisa na kuuza kwa kumi, mtu huyu anamletea mwenye duka hatari peke yake na kupeleka faida kwingine. Anatumia kujuana kwao kama kisima ambacho yeye hatii hata tone. Ningependa aibu tunayoionea deni tuihamishie huku. Kukopa si jambo la kufedhehesha. Kumnyima mtu biashara yako siku unayo, kisha kumtaka mkopo siku huna, hilo ndilo lingepaswa kututoa jasho.

Wajibu wa mteja hauhitaji maelezo marefu. Dawa ya deni kulipa, na kama hujapata, pita umwambie hujapata. Kinachomwumiza mwenye duka ni mtu anayebadilisha njia. Chenji ikizidi irudishe. Ukimtuma mtoto, mpe salamu aifikishe. Na siku una hela, nunua kwake hata vile vitu ambavyo ungeweza kuvipata kwa bei nafuu zaidi mbele kidogo, angalau baadhi. Tofauti hiyo ya bei ndiyo inayolipia kuangaliwa kwa mtoto wako, kutunziwa ufunguo wako, na kugongewa mlango siku utakayoshindwa kuamka.

Duka dogo likiuzwa, mnunuzi anakabidhiwa rafu, mizani, bidhaa zilizobaki na pengine daftari la madeni. Majina yote yamo. Ambacho hakimo ni nani hulipa bila kukumbushwa, nani hulipa akikumbushwa kwa upole, na jina lipi limeachwa pale tu kwa sababu mwenye duka wa awali alishaamua zamani kutolidai. Mnunuzi huyo mpya atakosea mwanzoni. Atamkatalia mtu ambaye hajawahi kuchelewa hata siku moja, na atampa mwenye maneno mengi. Nimeshuhudia kipindi hicho, na kilichonivutia ni kwamba wateja hawakumwacha ahangaike. Walisimama pembeni ya kaunta wakisubiri zamu yao, na mmoja mmoja wakamwelekeza: huyu mpe, yule mwandikie nusu, na yule bibi wa nyumba ya mwisho usimdai kabisa.